Hodi Maji

Dada yangu Chiku ana roho mbaya. Nalisema hili mapema, asije mtu akafika mwisho wa habari hii akadhani nimebadilika. Sikubadilika. Aliyemzika mama yangu bila kunisubiri hana haki ya kupendwa nami, hata kama tulinyonya ziwa moja.

Siku mama alipofariki mimi nilikuwa kazini Diani, katika chumba cha kufulia cha hoteli, nakunja mashuka ya wageni. Simu zetu hufungiwa kabatini mpaka zamu iishe. Nilipoichukua yangu nilikuta nimepigiwa mara kwa mara tangu asubuhi. Nikafika kwetu Mwachitseko magharibi imeshaingia, watu wanakula wali wa matanga, kaburi limeshanyunyiziwa maji. Chiku akaniambia, "Maiti hawekwi, Mwanapili. Tumezika alasiri." Alisema hivyo huku anapakua wali, wala mwiko hakuuweka chini. Nikaapa mbele ya watu wote kwamba sitamwamkia tena maisha yangu, na shikamoo yangu ataisikia ndotoni.

Miaka imepita tangu siku hiyo. Wako watu wanaoacha sala tano wasijali, lakini mimi kiapo changu sikukiacha hata siku moja.

Mwachitseko iko chini ya vilima vya Shimba, upande unaotazama Msambweni. Waume zetu wengi wanakata miwa Ramisi au wanalinda mageti ya hoteli. Wanawake tunalima mpunga. Majaruba yetu yamechongwa ubavuni mwa kilima, moja chini ya jingine kama vidato vya ngazi. Nani aliyeyachonga hakuna ajuaye. Nyanya zetu waliyakuta, na nyanya zao pia waliyakuta. Maji hutoka juu msituni, kwenye chemchemi ambayo hata kiangazi haikauki. Huingia jaruba la kwanza, na yakishajaa hupita kwenye kilango kilichokatwa katika tuta, yakashuka la pili, hivyo hivyo mpaka chini. Hakuna bomba wala mashine. Kinachotakiwa ni jembe na ulimi.

Nimesema ulimi kwa sababu maji ya Mwachitseko huombwa. Anayeyataka huenda mwenyewe, husimama juu ya tuta, humwamkia jirani yake wa juu kwa heshima anayostahiki, kisha husema, "Hodi maji." Yule wa juu hana ruhusa ya kukataa, hata kama wamegombea mume. Sharti ajibu "Pitani," na afungue kilango kwa mkono wake. Lakini asipoamkiwa hana lazima ya kufungua kitu. Kutuma mtoto hakufai, kupiga simu hakufai. Mwenye jaruba aje kwa miguu yake. Na maji ya kuiba ni balaa, maana mchele wake hauliwi harusini wala matangani, na mwenye nao ataula peke yake kama mchawi.

Jaruba la mama yetu lilikuwa la mwisho kabisa chini, nalo lilikuwa kubwa. Huku kwetu mpunga ni wa mama kwa binti, mwanamume ana minazi yake. Baada ya arubaini, kwa kuwa mimi na Chiku tulikuwa hatusemezani, wazee wa ukoo wakapiga tuta katikati na kuligawa. Chiku, kwa kuwa ndiye mkubwa, akapewa upande maji yanakoingilia. Mimi nikapewa upande wa pili. Yaani kila tone langu sharti lipitie kwake kwanza. Wazee wale, waliokufa Mungu awarehemu, na walio hai awape akili.

Miaka ya mvua nzuri haikuwa taabu. Mvua ilinijazia bila kumwomba mtu, na maji ya Chiku yalifurika yenyewe juu ya tuta, atake asitake. Lakini mwaka jana mvua ilitukimbia na jaruba langu likalala tupu. Sheria ya bonde ni moja: jaruba likilala masika mawili mfululizo linarudi kwa ukoo, apewe mwingine. Mwaka huu masika yakaja tena kwa kulegea, manyunyu ya asubuhi na jua kali mchana. Udongo wangu ukapasuka nyufa za kuingia mkono. Fauzia, binti wa mama mdogo, akaanza kupita kando ya jaruba langu akilitazama kwa jicho la mtu anayepima kitambaa dukani.

Na Chiku? Kilango chake kimefungwa kwa bonge la udongo na jiwe juu yake. Kila alasiri alikuja kunawa miguu karibu kabisa na tuta, taratibu, kwa kelele, maji yamemfika vifundoni. Siku moja akavaa leso iliyoandikwa *Mtaka cha mvunguni sharti ainame*. Akaivaa maandishi nyuma, akanipa mgongo, akainama kung'oa magugu. Nikarudi nyumbani nikafukua sanduku zima mpaka nikapata yangu, *Hasidi hana sababu*, nikapita nayo mbele yake mara tatu ingawa sikuwa na safari yoyote.

Mzee Tsuma, ambaye ndiye mwangalizi wa mifereji ya bonde, alinijia uani na ugoro wake mkononi. Tsuma hapendi kazi, anapenda habari.

"Mwanapili, miche yako kitaluni inazeeka. Ikizidi hapo haipandikiziki."

"Naiona, ami."

"Basi nenda kaombe maji."

"Kwa nani?"

"Usijifanye humjui."

"Nikimwamkia yule, ulimi wangu na ukatike."

"Kwani shikamoo inapunguza nini mwilini?"

"Kamuulize yeye kungoja kunapunguza nini mwilini."

Akavuta ugoro, akapiga chafya, akajifuta. "Haya. Ijumaa baada ya sala ukoo utashuka kutazama majaruba. Lisilo na miche iliyosimama ndani ya maji litahesabiwa limelala. Fauzia ameshauliza mara mbili."

Alipoondoka niliingia jikoni nikavigonganisha vyungu kwa hasira. Nililijua jaruba lile tangu nikiwa mgongoni mwa mama. Humo ndimo nilimojifunza kutembea kinyumenyume na miche mkononi kabla sijajua kusuka nywele. Kulipoteza kwa Fauzia, mtu asiyejua hata kupepeta, lilikuwa jambo ambalo moyo wangu ulikataa kabisa. Kumwamkia Chiku nako moyo ulikataa. Nikatafuta njia ya tatu.

Njia ya tatu ilikuwa Absalom, kijana wa bara anayekodisha pampu Ukunda. Alikuja na pikipiki, mashine imefungwa nyuma kwa mpira, kofia kichwani, maneno tele.

"Mathe, usistress," aliniambia. "Hii mashine inavuta hata jasho."

Tukateremsha mpira wake wa maji mpaka dimbwi la bondeni, chini ya majaruba yote, mahali ambapo maji ya kilima huishia. Mashine ikanguruma bonde zima. Wanawake wakaacha kazi wakasimama juu ya matuta yao kutazama, Chiku akiwa wa mbele, mikono kiunoni. Maji yakaja. Yakaingia katika nyufa za jaruba langu yakapotea humo, nyufa zikabaki zimeachama zikitaka mengine. Kisha yakaja matope. Kisha mashine ikakohoa, ikatapika chura mzima, ikazimika.

Absalom akachuchumaa, akachungulia dimbwi. "Mathe, huku chini hakuna maji. Ni mud tupu." Akainua uso, akaona jaruba la Chiku linavyometameta hatua chache tu kutoka tulipo. "Si maji iko kwa huyu neighbour wako? Mwambie tu akufungulie, ama?"

Bonde lote likacheka. Yule chura naye alikuwa mzima, akaruka zake, akavuka tuta akatua kwenye maji ya Chiku. Basi hapo dada yangu alicheka mpaka akashika mbavu. Nilitamani ardhi ipasuke zaidi inimeze.

Akili ilinijia kesho yake, nikiwa napepeta chenga. Ilikuja ghafla, nikaweka ungo chini nikacheka peke yangu. Mwenye jaruba ndiye anayepaswa kwenda kuamkia. Sasa je, kama mwenye jaruba si mimi?

Binti yangu Hafsa alikuwa nyumbani kwa likizo. Anafanya kazi mapokezi katika hoteli moja ya Diani, na kazi yake kutwa ni kuamkia watu asiowajua. Hana kiapo na mtu. Na kwa mama yake mkubwa huingia na kutoka, jambo ambalo sijawahi kulipenda lakini sikulikataza. Nikamwita.

"Hafsa, nakupa jaruba."

Akanitazama. "Unanipa vipi, mama?"

"Nakupa kwa mila, mbele ya mashahidi. Ukishakuwa lako, nenda kaombe maji."

Ana tabia ya kupima maneno, sijui kairithi wapi. "Ukinipa umenipa, mama. Neno juu ya jaruba litakuwa langu."

"Wewe si mwanangu? Tofauti iko wapi?"

"Nakuuliza tu ili usije ukasema hukuulizwa."

"Usinifundishe mila za kwetu, Hafsa. Nimezikuta kabla yako."

Mila ya kutoa jaruba ni kufinyanga bonge la tope lake na kulitia kiganjani mwa anayepewa. Tope langu lilikuwa limekauka hata halifinyangiki, ikabidi nililowanishe kwa maji ya birika. Tsuma akashuhudia, na nikahakikisha Fauzia naye ameitwa, nipate kuuona uso wake. Nikalitia tope kiganjani mwa Hafsa nikasema, "Limetoka kwangu, limeingia kwako." Fauzia akaondoka bila kuaga. Nilifurahi sana.

Kisha nikasimama nyuma ya migomba nitazame. Hafsa akapanda juu ya tuta, akavua viatu, akakunja mikono kifuani.

"Shikamoo, mama mkubwa."

Chiku akanyoosha mgongo. "Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama, alhamdulillahi. Hodi maji."

Chiku alitupa macho kwenye migomba, pale pale nilipojificha, akayaacha hapo kitambo. Kisha akasema, "Pitani," akainama, akaondoa jiwe, akalitoa bonge la udongo kwa mkono wake. Nikasikia maji yakiingia upande wangu, yakigugumia katika nyufa. Nikafunga leso yangu vizuri nikarudi nyumbani naimba. Nimepata maji na shikamoo yangu ninayo! Nikala vizuri, nikalala vizuri.

Alhamisi asubuhi niling'oa miche kitaluni, nikaifunga matita, nikayapakia kwenye beseni na kujitwisha. Kupandikiza kulipaswa kwisha siku hiyo, maana Ijumaa ndiyo kesho yake. Nilishuka nikikanyaga matuta ya watu mpaka chini, nikatafuta tuta letu nisimame. Halikuwepo.

Nilidhani nimepotea njia. Nikageuka nikatazama kilima, nikahesabu vidato, nikarudi tena. Palikuwa na jaruba moja, kubwa, maji yametulia toka ukingo huu mpaka ule kama zamani za mama. Tuta walilopiga wazee lilikuwa limesawazishwa lote. Hafsa alikuwa ndani, tope mpaka magotini, jembe mkononi. Na Chiku kando yake, na jembe lake.

"Tuta langu liko wapi?" Nilipiga kelele mpaka ndege wakaruka.

"Nimelivunja, mama," Hafsa alisema. "Lilikuwa linakunywa maji bure. Mama mkubwa amekubali, na mimi nimekubali."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Ya mwenye jaruba."

"Mwenye jaruba ni nani?"

Hafsa aliinua tu kiganja chake akanionyesha, kile kile nilichokitia tope mwenyewe mbele ya watu. Chiku aligeuza uso, lakini mabega yalikuwa yanamcheza.

Nilisimama pale na beseni kichwani, nimepigwa kwa fimbo yangu mwenyewe. Nilitaka kugeuka. Miche yote ilikuwa yangu. Chiku ya kwake alikuwa ameigawa yote kwa wenye vidato vya juu alikokwenda kusaidia, akijua wazi anachofanya. Nikigeuka nayo, kesho ukoo utakuta maji matupu, na jaruba zima, kwa kuwa sasa ni moja, lake na langu na la mama, litakwenda kwa Fauzia. Dada yangu alikuwa amelitia lake katika hatari moja na langu. Hilo nililiona, na likanichukiza zaidi, kwa sababu sikujua nilichukulie vipi.

"Mama," Hafsa alisema, "jua linapanda."

Nikavua viatu. Nikaingia.

Kupandikiza hufanywa kwa mstari, wanawake bega kwa bega, wakienda kinyumenyume. Hafsa alikwenda akasimama mwisho kabisa, kule ukingoni. Nafasi iliyobaki ilikuwa kando ya Chiku. Sikumwamkia. Nilimtupia tita la miche karibu na miguu, maji yakamrukia, nikainama nikaanza.

Tulikwenda hivyo, vidole tu vinaingia topeni. Kisha akasema, akiyaambia maji, "Miche mirefu mno hii."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu matanga ya mama.

"Imerefuka kwa kungoja maji ya mtu," nikajibu, nami nikiyaambia maji.

"Maji yalikuwa hapa."

"Yalikuwa nyuma ya mlango."

"Mlango hupigwa hodi."

"Wengine walipiga hodi wakakuta kaburi limeshafukiwa."

Hafsa kule ukingoni aliongeza mwendo, akatuacha nyuma.

"Ungenisubiri, Chiku," nikasema. "Alikuwa mama yangu pia. Ungenisubiri."

"Ningeweza kukusubiri," alisema.

Nikasimamisha mkono.

"Ningeweza. Imamu alisema hata magharibi haina neno. Mimi nilikataa." Hakuacha kupanda, mche, mche, mche. "Nani alimgeuza kitandani? Nani alimlisha uji? Wewe ulikuja siku za mapumziko na mafuta ya kupaka na machungwa. Maradhi yalipompanda kichwani unajua aliniitaje? Mwanapili. Mwanapili, nifunike. Mwanapili, nipe maji. Jina la Chiku hakuliita tena. Nami nikawa naitika labeka, ningefanya nini? Nikampa maji kwa jina lako mpaka roho ikatoka. Basi nikasema, kumzika nitamzika mimi. Mwanapili ameshapata chake."

Nilitaka kumtia tope usoni, naapa. Mkono ulikuwa umeshajaa. Miaka yote hii nilimchukia kwa kuharakisha, na kumbe ilikuwa makusudi, vibaya kuliko nilivyomdhania. Na papo hapo nilimwona yuko peke yake katika chumba kile, na bakuli la uji, anaitwa kwa jina la mtu aliyeko Diani. Nililia. Sioni haya kusema, nililia machozi yakaingia majini, na tope likaniponyoka vidoleni.

Miche mkononi mwangu ilikuwa imekwisha. Chiku akatoa nusu ya tita lake, akaninyooshea bila kunitazama. Nikaipokea. Na ulimi huu, ulimi ule ule niliouapia ukatike, ukasema wenyewe kabla sijauzuia.

"Shikamoo, dada."

Hakuitika. Alipanda mche, akapanda mwingine, akarudi nyuma hatua moja, nami nikarudi naye. Tulikwenda hivyo mpaka visigino vyetu vikagusa ukingo wa upande wa pili, mahali ambapo mama alikuwa akituwekea mtungi tulipokuwa wadogo. Hapo akanyoosha mgongo wake taratibu, akashika kiuno, akautazama mstari wangu toka mwanzo mpaka mwisho.

"Marahaba," akasema. "Na mstari wako umepinda."

Haukuwa umepinda hata kidogo. Nilishasema ana roho mbaya.